Posti Namba Kumi na Nne

Murera,
25 Mei 2024

Jakom Calvince, mwenyekiti wangu,

Simu yako inaita mpaka inachoka. Mara ya kwanza nilisema uko kazini. Mara ya kumi nikaelewa. Kwa hivyo nimerudi kwa posta yetu ya zamani, hili sanduku la posti 14 ya kupimia bomba. Miaka tisa tumeachiana vikaratasi humu ndani, nyuki wamehamia namba 9, mama wa mihogo amerudi Mugutha, chunga mbwa wa yule mzee, na hakuna hata kimoja kilichopotea. Waliponinyang'anya mita, reflekta na gambuti, hakuna aliyekumbuka kuuliza ufunguo wa sanduku. Mimi sikuwakumbusha.

Najua umesikia nimefutwa. Lakini umesikia kwa Githinji, na huyo supavaisa wetu akikusimulia kitu ni kama anasoma fomu. Wacha nikuambie mwenyewe.

Jumamosi ile, tarehe 11, siku iliyofuata ile holide ya kupanda miti, nilitoka hapa Murera asubuhi nikaanza na posti 27 kama kawaida, nikija upande wako. Nikaweka kichupa cha kupimia kwa udongo, waya mmoja wa mita kwa kichupa, mwingine kwa bomba. Unajua vile bomba letu hukaa. Milivolti mia tisa hamsini, mia tisa sitini, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu ule umeme kidogo tunaolipatia ili lisiliwe na kutu hauna haraka na mtu. Siku hiyo namba zilikataa kukaa. Mia nane, elfu moja mia moja, mia tisa, tena mia nane. Nikabadilisha betri. Nikasugua waya. Nikaosha kichupa. Kila posti ni hivyo hivyo, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo zilivyozidi. Kufika hapa 14 saa saba, mita ilikuwa inatoka mia saba mpaka elfu moja mia tatu na mimi nimesimama tu. Nilikungoja nusu saa uje ujionee. Hukuja, na sanduku lilikuwa tupu, nikaenda zangu.

Mimi niliandika nilichoona. Kila posti namba tatu, na saa. Githinji akaweka fomu yangu kando ya yako. Unajua wewe hupima kutoka 1, mimi kutoka 27, na hii 14 tunaipima wote wawili ndio ofisi ilinganishe. Yangu inaruka. Yako ni 954, na mwandiko safi. Akasema, "Posti moja, siku moja, watu wawili. Mmoja alikuwa nyumbani akipika namba." Na mwenye namba za kuchekesha ni mimi.

Rufaa yangu itasikizwa tarehe 19 Juni. Sitaki unitetee. Andika tu mita yako ilisema nini siku hiyo, hata kama ni mistari miwili. Bila hiyo kazi imeenda, na jina limeenda nayo. Kanisani nimeshaambiwa nipumzike kidogo kusoma matangazo. Miaka ishirini na miwili kwa hilo bomba, Calvince, na leo mimi ni mwongo.

Kaluki wangu, Mama Mwendwa, anamsalimia mkeo Emmaculate. Anauliza kama mtoto ameshafika.

Muoki


Gitothua,
3 Juni 2024

Mzee Muoki,

Nimepata barua. Pole kwa mambo ya kazi.

Yangu ilikuwa imetulia. Nilipita 14 mapema, ndio maana hatukuonana. Sijui nikuambie nini kingine.

Emmaculate yuko. Anawasalimu.

Calvince


Murera,
8 Juni 2024

Calvince,

Barua yako nimeisoma mara tatu na chai haikuwa imepoa.

Kaluki alinipeleka kliniki ya macho Thika. Daktari, msichana mdogo wa heshima, alinionyesha herufi ukutani nikasoma mpaka ule mstari wa chini wenye herufi kama siafu. Akasema, mzee, macho yako yako sawa. Basi nikarudi nikiwa na shida kubwa kuliko ile nilienda nayo, kwa sababu kama si macho ni kichwa. Jana nikipalilia kahawa ya mtu (ndiyo kazi nimepata) nilisimama katikati ya mstari nikajiuliza kama kweli nilifika posti 14 siku hiyo, ama niliota. Nimeanza kuwaamini, omera, ndugu yangu. Hilo ndilo linanitisha.

Umesema yako ilitulia. Sawa. Lakini bomba ni moja, chuma ni kile kile. Haiwezekani lirukeruke huku kwangu na kwako limelala. Kama mita yako ilikuwa na kasoro, sema. Kama kuna kitu unaficha, sema pia, mimi si polisi. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Kaluki amefuma kofia ya mtoto. Amechukua uzi wa manjano kwa sababu hatujui kama ni msichana ama ni kijana. Nimeifunga kwa karatasi ya nailoni isiingie umande, iko humu ndani.

Tarehe 19, saa tatu asubuhi. Ukija nitafurahi.

Muoki


Gitothua,
12 Juni 2024

Mzee Muoki,

Kofia nimeiona. Mwambie Mama Mwendwa asante. Tafadhali msitutumie kitu kingine.

Tarehe 19 sitakuja. Niliandika kile niliandika.

Calvince


Murera,
22 Juni 2024

Calvince,

Rufaa imeisha, nimeshindwa. Walikuwa watatu mezani na mimi peke yangu upande huu. Walinisomea namba zangu kwa sauti, moja moja, na yule wa katikati akacheka kidogo kisha akajifunika mdomo. Wakaniuliza kama huwa nakunywa. Nikasema mimi ni mzee wa kanisa. Wakaandika.

Kaluki hajui akupe jina gani, mimi ninalo lakini sitaliandika. Mtu amekufumia kofia, unamjibu asitume kitu kingine. Nyinyi watu wa Gitothua mmekuwa wakubwa. Mtoto akizaliwa msituambie.

Muoki


Murera,
17 Agosti 2024

Calvince,

Nilisema sitaandika tena. Nimebadilisha.

Unamkumbuka Kaveke, msichana wa dada yangu Ndinda, yule anasoma chuo hapo Juja. Wiki jana alikuja kutuona. Kaluki akamweleza habari yangu vile watu huelezea ugonjwa wa mgonjwa akiwa amekaa hapo hapo. Kaveke akaniuliza, "Mjomba, ilikuwa tarehe ngapi?" Nikamwambia. Akaniuliza tena, na saa. Nikamletea daftari langu, lile naandikiaga kabla ya kujaza fomu.

Jumatatu akarudi na karatasi amechapisha chuoni. Nimekuwekea nakala humu. Huo mstari unaopanda na kushuka ni usumaku wa dunia, siku ya tarehe 10 usiku na 11 mchana. Kaveke anasema jua lilirusha kitu kama upepo wenye umeme, ukagonga dunia, dunia yote ikatikisika usumaku wake. Ukitikisika hivyo, umeme unaingia ardhini na kutafuta chuma kirefu cha kupitia. Nyaya za stima, reli, bomba. Huko ng'ambo watu wa stima walikaa chonjo transfoma zao kubwa zisiungue. Huku sisi, hapa karibu na ikweta, ni mchana ndio mambo huchemka. Angalia ule mstari saa saba. Halafu angalia namba zangu saa saba. Kaveke aliweka kidole chake hapo akaniambia, "Mjomba, hukukosea. Ulikuwa unapima jua."

Nilienda nje nikakaa kwa jiwe. Miezi mitatu nimekuwa nikijiona mwendawazimu.

Sasa nakuja kwako. Kama dunia yote ilitikisika, basi na posti zako zilitikisika. Kwa hivyo hukupima. Na siku ya rufaa waliweka fomu yako ya Aprili na ya Mei pamoja, wanionyeshe mfano wa kazi safi. Nilikuwa na hasira sikuona. Sasa naona. Aprili posti 14 ilikuwa 952, Mei ni 954. Posti 13, 948, halafu 946. Jumlisha mbili, toa mbili, mpaka mwisho. Hesabu hiyo naijua. Nilikufundisha mimi, mvua ya 2015, mto ulipofunika njia. Nilikuambia, andika ya mwezi uliopita, ongeza mbili hapa, punguza mbili pale, hakuna mtu atajua.

Nimeandika barua ya ofisi. Ina karatasi ya Kaveke na ina hiyo hesabu ya mbili mbili. Nani alikufundisha, hiyo sijaandika. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi uende mwenyewe kwa Githinji. Usipoenda, nitaipeleka. Nataka kazi yangu, na nataka nisimame tena mbele ya watu nisome matangazo. Siombi kitu kingine.

Muoki


Gitothua,
25 Agosti 2024

Baba Mwendwa,

Ni mimi Emmaculate. Nimefua koti ya kazi ya Calvince nikapata barua zako zote kwa mfuko wa ndani. Nimezisoma. Nimechukua ufunguo wake nikatembea mpaka hapa Mugutha, nikauliza watu, wakanionyesha posti. Hajui nimekuja.

Jumamosi hiyo alitoka asubuhi na mita begani. Nilimpigia akiwa hajafika mbali. Nilikuwa nimeanza kuumwa na mtoto alikuwa amekataa kucheza tangu siku ya holide. Alirudi, tukaenda hospitali. Mtoto alizaliwa saa nne na nusu. Msichana. Hakulia. Nesi alimfunga vizuri akatuonyesha, tukamwona.

Halafu wakaleta karatasi ya kusaini kama tunakubali hospitali ndiyo izike. Calvince alisaini. Akatoka akakaa kwa benchi, na mimi nilikuwa nimelala upande wa mlango, namwona. Akatoa fomu ya kazi kwa mfuko, akatoa kalamu, akaanza kujaza. Aliandika pole pole mpaka akamaliza. Mimi nilidhani anaandika jina la mtoto.

Tulikuwa tumechagua jina. Hakuna mahali limeandikwa.

Kwao hajawaambia. Alisema watauliza kwa nini hakuzikwa nyumbani. Majirani waliona tumbo limeisha. Calvince hajalia. Anaenda kazini, anarudi, anakula, anaosha sahani yake. Ukimuuliza kitu anasema ni sawa. Mimi pia nimekuwa hivyo hivyo. Sisikii uchungu, sisikii njaa, Jumapili nasikia kwaya inaimba na ni kama iko kwa nyumba ya watu.

Ile methali uliyoandika, ya mficha uchi, niliisoma nikaketi. Najua hukujua.

Kofia iko juu ya kabati. Sijaitupa.

Sikuombi usipeleke barua ofisini. Umeumizwa, na ulichoandika ni kweli. Nilitaka tu usimchukie kwa kitu ambacho hakufanya. Hakuwadharau. Hakuwa na mdomo wa kusema.

Emmaculate


Murera,
31 Agosti 2024

Emmaculate binti yangu, na wewe Calvince,

Nimeanza hii barua mara nne.

Ile methali, laiti ningeweza kuirudisha. Kaluki nilimsomea barua yako akafunga jiko, hatukupika siku hiyo. Anasema angekuja, lakini hajui kama mnataka. Mkitaka atakuja. Hataleta maneno.

Calvince, nimekuwa nikijiuliza ningefanya nini kwa hiyo benchi. Ofisi inataka fomu Jumamosi jioni, mtu akikosa anaandikiwa barua, na barua mbili ni kufutwa. Ningejaza. Ningejaza na hesabu ile ile, kwa sababu ni yangu. Miaka yote tumekuwa tukiwapatia namba laini mpaka wamesahau bomba ni kitu kinachoweza kushtuka. Siku moja nikawapeleka ukweli wakanifukuza nao. Huo mtego niliutega mwenyewe. Nilisema nitaificha hiyo sehemu nikikushtaki. Naona aibu.

Barua ya ofisi nimewashia jiko. Mtu akiuliza habari ya kazi, nitasema nilistaafu. Sina hasira na wewe. Sina chochote kwa kweli, nimekuwa mtu wa kuamka na kupalilia.

Nimeacha ufunguo wangu humu ndani na kubana kufuli. Posta imefungwa.

Muoki


Gitothua,
12 Oktoba 2024

Mzee Muoki,

Hii haiko kwa sanduku. Nimeileta mwenyewe mpaka Murera. Uko kwa kahawa ya mtu, kwa hivyo namwachia Mama Mwendwa. Nimeongeza maneno haya ya kwanza hapa mlangoni kwenu. Amenishika mkono na hajauachilia, naandika na ule mwingine.

Jana nilikuwa na zamu ya kupima. Posti 1 saa moja asubuhi, mita ikakataa kukaa, ni lile jua lako tena. 880, 1,020, 940. Haikuwa kali kama yako lakini haikutulia. Fomu ya Septemba ilikuwa mfukoni. Nilisimama hapo na kalamu, na mkono ukaanza wenyewe kuandika ile ya Septemba na mbili juu yake. Nikaukata huo mstari. Nikaandika namba tatu na saa, vile ulifanya. Posti 2 hivyo hivyo. Posti zote mpaka 14.

Hapo 14 nilifungua sanduku, mara ya kwanza tangu Agosti, nikapata ufunguo wako, na barua yako. Emmaculate alikuwa amenificha kwamba alikuja. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa sijasikia kitu tangu Mei, mwili wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Niliketi kwa simenti ya posti nikalia. Sijui ni dakika ngapi. Mama wa mihogo aliniona akageuza karai lake upande ule mwingine.

Halafu nikatoa fomu tupu nikajaza ya tarehe 11 Mei upya. Nilipitia nyumbani Emmaculate akaisoma, akasaini. Nikazipeleka zote mbili kwa Githinji, pamoja na ile karatasi ya Kaveke uliyoniwekea. Akasoma, akasoma tena. Akaniambia nikae nje. Saa tisa akaniita, akasema niache mita, reflekta na gambuti. Akasema wewe atakuita Jumatatu. Hakusema pole, lakini alifuta fomu ya Mei na kiganja, ilikuwa imeingia udongo, kabla ya kuiweka kwa faili.

Nilikudanganya kwamba yangu ilitulia. Posti 1 niliipima siku hiyo, kabla simu haijaita. Nilijua unasema kweli tangu barua yako ya kwanza. Ningesema, ningeulizwa nilikuwa wapi, na hapo ningelazimika kusema. Sikuweza. Nisamehe.

Ufunguo wako huu hapa. Utauhitaji ukirudi kazini. Wangu hawakuuliza.

Nakala ya ile fomu nimekuwekea. Mama Mwendwa akija, Emmaculate yuko nyumbani siku zote.

Calvince


FOMU YA VIPIMO VYA BOMBA

Tarehe: 11 Mei 2024
Mpimaji: Calvince Ajwang
Posti 1: 910, 1,040, 860. Saa mbili kamili asubuhi. Haitulii.
Posti 2 mpaka 14: Hazikupimwa.
Sababu ya kutopima: Nilikuwa hospitali na mke wangu. Mtoto wetu Anyango alizaliwa saa nne na nusu. Hakulia.
Shahidi: Emmaculate, mama yake.